Taraza Isiyo na Jina

Hapo zamani, watu walipokuwa wakivaa kilichofumwa na jirani yao, palikuwa na mji uliosifika kwa shali. Sifa yenyewe ilikuwa kwenye taraza, yaani ule ukingo wa nakshi unaofumwa pamoja na shali. Bibi harusi hakutolewa nje bila shali ya taraza, wala jeneza halikubebwa bila kufunikwa shali ya taraza.

Ukaja ugonjwa wa ndui, ukawamaliza wafumi wazee. Vijana waliobaki walijua kufuma shuka nyeupe tu. Mji mzima ukabaki na shali moja ya taraza, mali ya Bi Zeyana, ajuza aliyeiweka sandukuni imfunike siku yake ikifika.

Bunu, mfumi kijana, akapiga hodi. "Shikamoo bibi. Niazime shali yako niitazame."

Akaitazama siku saba asielewe kitu. Akarudi. "Bibi, nakshi hii haijulikani mpaka ifumuliwe."

"Uifumue! Na mimi mnifunike nini, mkeka?"

Bi Zeyana alilia kutwa nzima. Kesho yake akaitoa mwenyewe. "Chukua, mwanangu. Mimi ingenifunika njia moja tu, ya kwenda makaburini."

Mikono ya Bunu ilikuwa mizito kwa kufumua, basi akaitwa Mwanate, binti msokota nyuzi. Mwanate akakaa huku na shali kuukuu, Bunu akakaa kule kwenye kitanda chake cha kufumia. Mwanate akifumua uzi, anataja: "Wa juu, wa chini, wawili juu." Bunu anafuma: wa juu, wa chini, wawili juu. Siku arobaini wakawa hivyo, huku shali inakwisha, kule shali inazaliwa.

Mchumba wa Mwanate akachoka kungoja, akaoa kwingine. Wanaume hao, na haraka zao! Mwanate akafuta machozi, akaendelea kutaja.

Zimebaki siku tatu, wakafika palipoliwa na mende. Shubiri nzima ya taraza ni tundu tupu. Mwanate akanyamaza, maana hakuna uzi wa kutaja. Bunu akafumba macho, akawaza sana, kisha akaifuma shubiri ile kwa kubuni, mpaka akakutana na nakshi ya kale upande wa pili. Hakuna aliyepaona palipoungwa.

Shali ikashushwa, vigelegele vikapigwa. Siku ile ile maseremala wakaanza kuchonga vitanda vipya vya kufumia, na watoto wakawa wanaruka kamba wakiimba, "Wa juu, wa chini, wawili juu!" Mimi nikifika hapa hufurahi kama niliyekuwepo.

Lakini wafumi wana desturi yao. Shali ya kwanza ya taraza haiuzwi. Huvishwa mtu mmoja tu, na taraza ikaitwa kwa jina lake, vizazi na vizazi; na jina la ile ya kale wazee walikwenda nalo kaburini. Mkuu wa mji akaishika, akauliza ni ya nani.

Bi Zeyana akasema, "Nimetoa niliyokuwa nayo, na sina nyingine. Mimi ni wa leo au kesho. Nifunikeni."

Mwanate akasema, "Huyu alifuma nilichotaja. Ningetaja uongo, angefuma uongo. Mume nimemkosa kwa ajili ya nyuzi hizi, na jina nalo nilikose?"

"Na kwenye lile tundu ulinitajia nini?" Bunu akauliza.

Mwanate akapapasa taraza, akatafuta palipoungwa asipaone.

"Pale hapakuwa na shali ya bibi wala sauti yako," Bunu akasema. "Palikuwa na mimi peke yangu. Bila shubiri ile mngekuwa na vipande viwili vya nguo."

Mkuu wa mji akamtazama huyu, akamtazama yule, na shali bado imo mikononi mwake. Haya basi, nyie mnaocheka hapo nyuma: shali ni moja, na mabega yanayoingoja ni ya watu watatu. Mngemvika nani, na taraza ile mngeiita ya nani?