Vibarua wa Tusekile

Huko Tukuyu, Tusekile alikuwa akiwalisha nguruwe wa tajiri Mwangoka. Banda lilikuwa finyu mno, wanyama hawakuweza hata kugeuka, na kila alipoomba watolewe nje tajiri alikataa.

Siku moja Mwangoka alichoka kuombwa. "Maneno yamezidi! Nikirudi kutoka Mbeya nikute shamba lile limelimwa, la sivyo huna kazi."

"Nitumie nini, bosi?"

"Chochote kilichomo bandani!"

Aliporudi, alikuta udongo wote umetifuliwa na magugu hayapo. "Nani kakusaidia?"

Tusekile alimwonyesha nguruwe waliojilaza kivulini, matope hadi masikioni. "Nilifukia viazi shambani, nikawafungulia."

Mwangoka aliokota bonge la udongo, likapondeka mkononi. "Kesho," alisema, "wapeleke na lile la bondeni."