Masufuria ya Bi Siwema

"Kodi haikai eda, mfiwa aambiwe." Mmeyasikia maneno hayo leo msibani, nanyi mkayacheka kabla ya kuyaelewa, jambo ambalo silipendi. Kaeni sawasawa, mniachie nimalize ndipo muulize. Maneno hayo yalizaliwa hivi.

Katika mji mdogo ulio kando ya reli, mtaa wa Mzambarauni, aliishi Bi Siwema, mke wa fundi Hamdu. Riziki yake ilitokana na masufuria makubwa ya shughuli, aliyoyakodisha kwa wenye harusi, hitima na maulidi. Mtaani hapakuwa na pilau la watu wengi ambalo halikupikwa humo.

Hamdu alipofariki, Siwema alikaa eda kama ilivyo ada: hakutoka nje, hakujipamba, wala hakukutana na wanaume wasio maharimu wake. Mlangoni aliketi wifi yake, Bi Chausiku, dada wa marehemu, mwanamke mwenye huruma nyingi na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyepokea kila ujumbe, na kwa desturi ya mtaa ule, habari nzito haikuvuka kizingiti. Mfiwa hakuambiwa hata habari ya mbuzi aliyekufa, sembuse ya deni.

Kodi ya nyumba, ile inayolipwa baraza la mji, ilikuwa kazi ya Hamdu. Siwema hakupata kujua hulipwa lini. Muda wa kulipa ukapita. Karani wa baraza la mji akaja kukumbusha.

"Mwenye nyumba yuko kaburini, na mkewe yuko eda," akajibu Chausiku. "Wewe unamdai yupi?"

Karani akaondoka kwa haya. Baadaye akaja tarishi na wito wa mahakama. Chausiku akaupokea, akasema, "Nitamfikishia," kisha akaukunja na kuufunga kwenye pindo la kanga yake. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini kwamba serikalini nako wamo watu waliopata kufiwa, hivyo wangengoja.

Hawakungoja. Kesi ikaitwa, Siwema hakuonekana, hukumu ikatolewa bila yeye kuwapo. Na juu ya kodi zikawekwa gharama za kesi, nazo zilikuwa kubwa kuliko kodi yenyewe.

Siku ya kumtoa eda, wanawake wa mtaa walikusanyika uani. Siwema alikwisha kuogeshwa na kuvishwa nguo mpya, na pilau lilikuwa motoni, dalali wa mahakama alipobisha hodi akiwa na askari na mkokoteni.

"Nimeagizwa kuchukua masufuria," akasema, huku akitazama pembeni.

"Lile lina pilau," akasema mpishi. "Utalibeba na moto wake?"

Wanawake wakaangua kicheko, lakini Siwema hakucheka. Aliuliza masufuria yake yamekosa nini, dalali akamweleza yote palepale, mbele ya watu, na Chausiku akakiri kwamba wito aliupokea yeye. Bila masufuria yale angekula nini? Angerudi kijijini kwao, awe mzigo wa kaka zake?

Dalali akamwonea huruma. "Mama, mimi hutumwa tu. Nitarudi kesho jioni. Asubuhi nenda ukamwone hakimu wewe mwenyewe."

Kesho yake, njiani kwenda mahakamani, Chausiku alimshika mkono. "Wifi yangu, tuseme wito haukufika. Nani atajua?"

"Tarishi atajua, naye ana watoto. Nikiokoa riziki yangu kwa kumwaga ya mwenzangu, nitapika nini kikalika?"

Hakimu alikuwa mtu mzima, mzito wa maneno. "Bi Siwema binti Sefu, kwa nini hukuitikia wito?"

"Sikuupata, mheshimiwa."

Tarishi, aliyekuwa amesimama ukutani, akashtuka. "Mheshimiwa, wallahi niliufikisha!"

"Kweli, aliufikisha mlangoni," akasema Siwema. "Asilaumiwe. Aliyeupokea ni wifi yangu, huyu hapa."

Chausiku, ambaye hakupata kukosa neno maishani mwake, siku hiyo alilitafuta. "Nilimficha, mheshimiwa. Kwetu mfiwa haongezewi uchungu."

"Na sasa umempunguzia?"

Watu wakaguna. Chausiku akajiinamia, machozi yakimdondoka. Siwema alikuwa na haki ya kumkaripia, badala yake alimwambia taratibu, "Wifi, mimi nilikaa eda, kodi haikukaa."

Hakimu akaiweka kalamu chini, akatamka: "Mdaiwa alikuwa na udhuru. Amekuja kwa miguu yake, wala hakumsingizia mtu. Kodi atailipa, tena kwa mafungu. Gharama za kesi nimezifuta. Masufuria yasiguswe." Akamgeukia Chausiku. "Nawe, bibi, kama ningekuwa na sheria ya kuutoza ulimi ulionyamaza pasipostahili, leo ungelipa wewe."

"Ningelipa, mheshimiwa," akajibu Chausiku. "Tena bila mafungu."

Hakimu mwenyewe akacheka.

Walipotoka nje, Siwema aliketi kwenye ngazi ya mahakama, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi kichwani. Akacheka hata akafuta machozi. "Inuka, wifi, twende nyumbani. Njaa inaniuma. Jana sikuonja hata punje ya lile pilau!"

Kauli ya Siwema, kwamba yeye alikaa eda lakini kodi haikukaa, ilifika mtaani kabla yao, na kwa muda mrefu Chausiku hakupita sokoni bila kutaniwa kwayo. Hakukasirika.

Mwaka uliofuata, jirani mmoja alifiwa na mumewe, na Chausiku akaombwa tena akae mlangoni. Alikaa. Lakini maziko yalipokwisha, mjane alipopata kunywa uji na kupumzika, Chausiku aliingia ndani, akamshika mkono, akamwuliza kwa upole, "Mwenzangu, marehemu alikuwa akilipa nini, na wapi? Nitajie tu, tutakwenda sisi kwa niaba yako."

Mwanamke mmoja akamkemea: "Chausiku! Hata soni huna? Mwache alie!"

"Atalia, nami nitalia naye," akajibu Chausiku, bila kuuachia ule mkono. "Lakini kodi haikai eda, mfiwa aambiwe."