Kwa Nini Ujumbe Mwingine Haufiki Jikoni

Ninyi mnaotikisa kibuyu cha maziwa, polepole. Mnatikisa nyumba za watu. Kila bakteria mle ndani ni nyumba, na hapo kale nyumba hizo hazikujua kimya.

Katika chumba cha ndani cha nyumba moja alikaa Bibi Nasaba, ambaye hatoki mpaka leo. Alichosema kilibebwa na wajumbe hadi jikoni, na mpishi Siwema akapika kila alichosikia. Mjumbe mmoja, Tamba, alikuja akiimba. Siwema alimpenda, tena sana, akamwekea kigoda karibu na meko.

Ikaingia njaa. Wajumbe hawakukoma, Siwema akapika mpaka akiba ikakaribia kwisha na kuta zikaanza kupasuka. Akaenda mlangoni kwa Bibi.

“Shikamoo, Bibi. Tutakufa. Kuna chakula kimoja kinatumaliza, zuia ujumbe wake.”

“Marahaba. Neno likishanitoka silirudishi, mwanangu. Na mjumbe hauawi.”

Siwema alijua ujumbe ule ni wa Tamba. Lakini alikwisha kusikia kwamba mjumbe hauawi, moyo ukamtulia. “Basi fanya lolote, Bibi,” akasema.

Bibi Nasaba akageukia ukuta, akayasema maneno ya Tamba kinyumenyume, kila neno akilitafutia mwenzake. Pale gizani kikatokea kiumbe kidogo, hakina uso, wala hakikubeba agizo la chakula chochote. Akakiita Kipacha.

Kipacha akasimama njiani. Tamba alipofika hakupigwa wala hakukemewa. Alikumbatiwa, neno kwa neno, wakalingana kama chungu na kifuniko chake. Wimbo ukakatika katikati. Siwema alitoka kutazama, akauona uso wa Tamba umetulia, kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake. Alipowagusa, wote wawili walikuwa wameanza kumomonyoka.

Nyumba ikapona. Kigoda hakikuondolewa.

Na tangu siku hiyo, kila nyumba ina Kipacha wake njiani. Watu wa maabara humwita RNA ndogo, nao wamejifunza kumtengeneza: humpa maneno ya kinyume, wakampenyeza ukutani, na ujumbe wasioutaka haufiki. Wanasema ni kazi yenye faida, na huenda ni kweli. Mimi inanitisha.

Kwa hiyo ukitega sikio kwenye kibuyu ukakuta kimya, usidhani hakuna aliyesema. Yupo aliyesema, na jikoni yupo anayemsubiri mjumbe.