Upande wa Ndani wa Shati

Mtu mmoja alikuwa na cherehani barazani kwake na ugonjwa wa sukari mwilini. Aliitwa Sefania, fundi mzee, mtu wa watu. Akiletewa shati alikague, hakulitazama kwa nje. Alilipindua, akaufuata mshono kwa kidole gumba, maana pasi, jamani, husitiri mengi.

Lakini mwili wake mwenyewe aliupiga pasi. Kliniki ilipokaribia aliacha maandazi na chai ya sukari, akashinda kwa mchicha na maji. Siku yenyewe alitoa kidole, kikachomwa, na kipimo kikasoma vizuri. Wazee wenzake kwenye benchi wakampongeza. Akirudi nyumbani, anaomba birika la chai ya sukari. Msimcheke. Kaka yake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na Sefania aliogopa. Tena aliona haya kugombezwa kama mtoto mbele za watu. Mwenye hofu hutafuta pa kujificha, naye alijificha nyuma ya namba nzuri.

Basi daktari, akiiona namba nzuri, hakumwongezea dawa. Mwaka ukapita hivyo. Kisha uzi ukaanza kumkataa. Aliulamba, akalilenga tundu la sindano, ukapita pembeni. Mkewe Yudithi akawa anamtungia kimyakimya, huku moyo unamuuma, kwa maana fundi akipofuka anabaki na nini?

Kliniki iliyofuata walikwenda wote wawili, wakamkuta muuguzi mgeni, binti mpole. Alisikiliza habari za macho, akapima kidole: namba nzuri. Akayatazama tena macho yake. Kisha akavuta damu mkononi kwa ajili ya kipimo kingine. Majibu yalipotoka, alimwita Sefania na mkewe kando, wengine wasisikie.

"Baba," alisema, "kile cha kidole kinasema ulivyoamka leo. Hiki kinakumbuka miezi mitatu yote."

Sefania hakubisha. Alijua kilichotokea, kwa kuwa ndiyo kazi yake: shati lilikuwa limepinduliwa. Alilia, akaeleza yote, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemgombeza. Aliongezewa dawa, akapelekwa kwa mtaalamu wa macho. Jicho la kulia liliwahiwa. La kushoto halikurudi.

Bado anashona, na Yudithi bado anamtungia uzi, ila sasa wanazungumza. Hajaacha kutamani andazi. Siku akila, husema amekula.

Ndugu zangu, yule daktari aliyedanganywa alirudi nyumbani kwake jioni na macho yake yote mawili. Sasa niambieni: siku zile za namba nzuri, Sefania alikuwa akimficha nani?