Kitufe cha "Imeshughulikiwa"

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kuangalia saa, nataka niwape habari za mchora ramani mmoja. Msihangaike kutafuta ni nani, huu ni mfano tu. Lakini mimi nikimfikiria damu inanichemka.

Bwana huyu alikuwa hodari, nyumba alizochora zimejaa mjini. Na miaka yote alifanya kazi hivi: anajifungia chumbani, anachora mpaka amalize, ndipo ramani inakwenda kwa injinia wa nguzo, kisha kwa mtu wa maji, kisha wa umeme. Kila mmoja kwa zamu yake. Kukiwa na kosa, wanaitana pembeni, wanaliongea kwa chai, linakwisha. Nani ameona? Hakuna.

Basi akapata kazi aliyoililia kwa Mungu siku nyingi: kuchora wodi ya wazazi katika hospitali ya kwao. Wodi ya zamani ilikuwa imefurika, akina mama wanalala wawili kitanda kimoja. Na binti yake mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameolewa huko huko. Alimpigia simu huku anacheka, "Baba, fanya haraka basi! Mjukuu wako nataka nimzalie kwenye wodi yako." Kuna baba hapa ambaye moyo wake usingeruka?

Lakini wafadhili wakaja na utaratibu mpya. Ramani ni moja, iko kwenye mtandao, na wote mnaingia humo kwa pamoja kila mtu na kompyuta yake. Anayeona tatizo anabandika alama nyekundu na kuandika neno lake. Wewe ukisharekebisha, unabonyeza kitufe kilichoandikwa "Imeshughulikiwa", na alama inaondoka. Rahisi, si ndiyo?

Jamani, mtu yule aliteseka! Anachora ukuta, hata chai hajainywa, alama nyekundu hiyo. Anachora dirisha, nyingine. "Hivi hawa watu hawana kazi za kufanya?" akawa anafoka peke yake. Kwake ilikuwa sawa na kupika huku majirani wamejaa jikoni, kila mmoja na kijiko chake, huyu anasema chumvi, yule anasema punguza moto, na chakula chenyewe bado kibichi. Tena alama zile kila mtu alikuwa anaziona, hata vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe. Hapo ndipo palipomuuma, ndugu zangu. Kompyuta alishaizoea zamani. Kilichomshinda ni kukosolewa mbele za watu.

Siku moja akagundua jambo. Kile kitufe hakiulizi umefanya nini. Ukibonyeza, alama inaondoka, uwe umesoma, usiwe umesoma. Akabonyeza moja, ikaondoka. Akabonyeza ya pili. Haa! Akazifyeka zote, ramani ikabaki nyeupe pee, na yeye akaenda kunywa chai yake roho imemtulia.

Kesho yake akapigiwa simu na yule injinia wa nguzo, mama mmoja wa Mwanza.

"Shikamoo, Mzee. Ile alama yangu ya kona ya kwenda chumba cha upasuaji, uliiona?"

"Marahaba. Kwani sasa hivi pameandikwa nini hapo?"

"Pameandikwa imeshughulikiwa."

"Basi si imeshughulikiwa? Ah, mama, tuaminiane jamani!"

"Haya, Mzee. Samahani."

Tangu siku hiyo alama zikaanza kupungua. Zikapungua, zikapungua, mpaka wiki ya mwisho haikuja hata moja. Akamwambia mke wake, "Umeona? Hatimaye wameniheshimu."

Wodi ikajengwa, ikapendeza. Siku ya kukabidhi wakaja wageni, kwaya ikaimba, na binti yake yumo, mjamzito, tumbo limekwisha kushuka. Wauguzi wakataka kuwaonyesha wageni jinsi mama aliyezidiwa atakavyokimbizwa chumba cha upasuaji. Wakamlaza mwenzao kitandani, wakasukuma mbio, watu wanapiga vigelegele. Kufika kwenye kona, kitanda kikakwama. Wakakirudisha nyuma, wakakigeuza, wakakiinua upande. Wapi! Nguzo huku, ukuta huku. Na nguzo ile ndiyo imebeba ghorofa ya juu, haiguswi.

Yule bwana akamgeukia injinia mbele za watu wote. "Wewe! Umeweka nguzo hapa bila kuniambia?"

"Nilikuandikia, Mzee. Nilisema nguzo lazima ikae hapa, kwa hiyo sogeza ukuta, la sivyo kitanda hakitakata kona. Ukasema imeshughulikiwa. Nikakupigia simu, ukasema vile vile. Nikakuamini."

"Na ninyi wengine, mbona mlinyamaza?"

Mtu wa maji akaangalia chini. "Tulichoka, Mzee."

Wodi ikafungwa ili ukuta ubomolewe. Wiki ile ile binti yake akashikwa na uchungu. Akazalia wodi ya zamani, na usiku akalala mzungu wa nne na mama asiyemjua, miguu ya mwenzake usoni, kichanga kifuani.

Mnaguna? Mnamwona mjinga? Sisi je?

Kitufe kile sisi tunacho mdomoni! Mke anasema, "Baba fulani, mtoto huyu simwelewi siku hizi." Unajibu, "Sawa, nimesikia." Umebonyeza. Wazee wa kanisa wanakuja kukuonya kuhusu ugomvi wako na ndugu yako, unawaambia, "Tutaliangalia." Umebonyeza! Hata dhambi tunaziungama kila Jumapili kwa sauti nzuri, kisha tunatoka na mambo yetu yale yale. Nimechoka kuwaficha, hili linaniudhi mno.

Na kuna mtu hapa anajisifu kwamba siku hizi nyumbani kwake kumetulia. Hakuna anayembishia, hakuna anayemsumbua. Ndugu yangu, una hakika hiyo ni amani? Labda wamechoka. Labda wameshaona kona ambayo utakuja kukwama, na hawana tena hamu ya kukuambia.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujauliza chakula, mkalishe mwenzako umwambie, "Nini uliacha kuniambia?" Kisha umsikilize mpaka amalize, hata kama watoto wanasikia.

Na wewe uliyekwisha kusema Amina hapo nyuma, tafadhali, hebu nyamaza kwanza.