Chai ya Posa ya Mbega

Paukwa!

Pakawa!

Birika?

La chai ya kijani!

Mwenye haraka?

Aunguze ulimi!

Hapo zamani za kale, kwenye milima ya ukungu, wanyama walilima chai. Si hii yenu nyeusi ya maziwa. Ya kijani, majani yake hukaangwa kidogo siku ileile yanapochumwa. Hunywewa bila sukari, maana sukari huficha makosa.

Na desturi yao ilikuwa hivi: anayeposa hupeleka ukweni chai aliyoilima mwenyewe. Mama mkwe akiomba kikombe cha pili, umepata mke. Akikifudikiza kikombe, rudi kwenu.

Basi Mbega alimpenda Binti Kima. Alimpenda hata akawa anasahau kula. Lakini shamba lake lilikuwa dogo na michai yake mifupi, akaona haya. Akaenda kwa Kanga kuomba mbolea. Kanga akampa samadi mbichi ya bandani, magunia kwa magunia, akafurahi kusafishiwa nyumba bure.

Jirani yake Fuko, anayeishi chini kwenye mizizi, akatoa kichwa shimoni. Akamweleza kwamba samadi hulazwa kwanza, ikaoza, ikapoa. "Tia mkono katikati ya lundo," akasema. "Ukiungua wewe, mizizi nayo itaungua."

Mbega akacheka. Fuko haoni hata jua, ataona shamba? Akamwaga. Mwaga, mwaga, mwaga! Mvua ikanyesha, chwaa! Michai ikafumuka, majani mapana, manene, yanang'aa. Mbega akapita akiimba:

Nenepa, jani, nenepa,
Mama Kima ataniita mwana.

Akachuma, akapeleka ukweni. Mama Kima akanywa funda moja. Binti Kima akatazama chini.

"Mwanangu," mama akasema, "shamba limeshiba, kikombe kina njaa. Chai chungu, tena nyepesi."

Akakifudikiza kikombe. Ko!

Mbega akalia njia nzima, hu, hu, hu. Shambani akakuta michai mingine imeanza kukauka. Fuko angeweza kumcheka, hakumcheka. Na jioni Binti Kima akamtumia neno: mvua zijazo nitakuwa bado nyumbani kwetu.

Ehe! Mbega akafuta machozi. Akarundika samadi pamoja na majani makavu, akaifunika kwa majani ya mgomba, akangoja. Asubuhi akatia mkono. Moto! Kesho yake akatia mkono. Moto! Akangoja, akangoja, mpaka mkono ukatoka baridi na lundo likanukia udongo wa mvua. Ndipo akatia kidogo kidogo, mbali na shina. Michai ikakua taratibu. Akachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

Akapeleka. Mama Kima akanywa funda moja. La pili. Akamaliza, akashika kikombe kitupu, akafikiri.

Binti Kima akashindwa kuvumilia. "Mama, kama huombi, naomba mimi."

"Ngoja zamu yako," mama akasema, akanyoosha kikombe.

Mmesikia, wanangu, na nyinyi watu wazima mnaojifanya mmelala? Chakula kikizidi huudhuru hata mti, na haraka haina ladha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyebaki na kiu, akachemshe maji.