Firigisi Imo Humo Humo

Wapendwa, hebu sikilizeni hili. Kulikuwa na mama mmoja, mwenye mume na watoto watatu, aliyechoka kupika kuku kwa namna ile ile kila Jumapili. Akaona kwenye simu pishi la Kimeksiko, rahisi kabisa, la kikaango kimoja. Akajaribu. Alimtoa kuku mifupa, akamkatakata vipande vidogo vidogo, akamkaanga na kitunguu, hoho, nyanya na bizari nyembamba. Akamwagia maharage, mahindi na wali, akamalizia kwa pilipili. Nyumba nzima ikanukia.

Sasa ninyi mnajua kuku anavyogawanywa kwetu. Firigisi ni ya baba, hilo halina mjadala. Mapaja ya watoto wa kiume, kidari cha mgeni, bawa la binti. Je, cha mama ni kipi? Mbona mmenyamaza? Yule mama kila Jumapili alisema ameshaonja jikoni, ameshiba, akajimiminia mchuzi juu ya ugali. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Siku hiyo kikaango kikawekwa katikati ya meza. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akaomba sala ndefu na kumshukuru Mungu kwa riziki ya nyumba nzima. Alipofumbua macho akaanza kuchokora kwa kijiko. Akapindua huku, akapindua kule, uso ukaanza kubadilika.

"Mama watoto, firigisi yangu iko wapi?"

"Imo humo humo, mume wangu. Nimeikatakata pamoja na nyama yote."

Baba akafura. Akasema nyumbani kwa baba yake hakuna mwanamke aliyethubutu kukata firigisi, na kwamba chakula ambacho hujui kipi cha nani ni chakula cha fujo. Wale wavulana wawili wakainamisha vichwa, wakala. Binti mdogo hakula. Alikuwa ameacha mdomo wazi, anamtazama mama yake anavyotafuna.

"Mama," akauliza, "kumbe na wewe unakula kuku?"

Mmelisikia hilo swali? Mtoto ameshaanza shule, na hajawahi kumwona mama yake akitia kipande cha kuku mdomoni! Alidhani akina mama hawali kuku, kama vile ng'ombe asivyokula nyama.

Mama akamaliza kutafuna, akajibu taratibu, "Nakula, mwanangu. Leo nimepata kwa sababu baba yako hajui kipande chake ni kipi."

Mzee wa kanisa akakiweka kijiko chini. Jamani, hakuwa mkatili, na hilo ndilo linalonitisha. Alikuwa mtu mwema tu, aliyekula miaka yote bila kutazama upande wa pili wa meza.

Na sisi je? Mwenzetu akisema ameshiba, tunaamini upesi kwa sababu inatufaa. Nani kwako anakula wengine wakibakisha? Mkeo? Msichana wa kazi? Bibi aliyelala chumba cha uani? Bwana wetu alipoumega mkate, alijitengea kwanza kipande kizuri? Leo ukifika nyumbani, usiikimbilie amina. Tazama kwanza sahani ya aliyepika. Ukiikuta haina kitu, basi ujue kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unamshukuru Mungu kwa chakula cha mwenzako.